Kicheko cha Arobaini

Desderia Kikoti aliingia kaburini kabla ya jeneza. Alishuka kwa ngazi ya mianzi waliyoiacha wachimbaji, akajilaza chali juu ya udongo mbichi, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Nimeshafika," alisema kutoka chini. "Mwambieni Otmari nafasi imejaa. Atafute kwao."

Watu waliolizunguka shimo wakaangua kicheko. Hata wapwa waliobeba jeneza walicheka mpaka wakalazimika kulitua. Hilmar Ngonyani, mwana mkubwa wa marehemu, alichungulia shimoni huku anajifuta macho kwa kiganja, na usingejua kama anafuta chozi la kilio au la kicheko.

"Mama Mtani, toka basi. Padri anasubiri."

"Padri ana kuku? Mimi sitoki bila jogoo. Tena asiwe jogoo wa kizungu. Nataka wa kienyeji, mgumu kama mwenyewe Otmari."

Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wote wawili wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Kazi ya mtani msibani ni kuwafanya wafiwa wapumue. Huvaa nguo za marehemu, huiga alivyokohoa, huzuia jeneza, hulala kaburini mwa mwenzake, na hakuna wa kumgusa. Katika kijiji cha Lihongola, chini ya milima ya Matogoro, Mhehe alikuwa mmoja tu, huyu fundi cherehani aliyeletwa na mume wake mjenzi wa barabara, mume akafa, yeye akabaki. Kwa hiyo misiba yote ya Wangoni wa Lihongola ilikuwa mali yake. Alikuwa amelala katika makaburi mengi kuliko mtu yeyote aliye hai.

Kichwani mwa kaburi ulisimikwa mti, na juu ya mti palining'inizwa Sikio, chombo cha Jamhuri cha kusikiliza misiba. Lilikuwa dogo, mfano wa yai la kanga, na lilitoa mwanga mweupe usioyumba. Katekista aliusogeza mti karibu zaidi na jeneza kama sheria inavyotaka, akarudi mahali pake bila kulitazama. Watu walikwisha kulizoea. Bila Sikio hapakuwa na kibali cha kuzika.

Jogoo akaletwa, anapiga mbawa na kulalamika. Desderia akapanda juu na udongo wake mgongoni, akamshika jogoo miguu, akalisogelea jeneza na kulipiga kofi.

"Mngoni gani huyu?" akauliza. "Hebu niambieni! Mama yake alivuka Ruvuma angali mtoto, akiitwa Ajaula. Akalala zizini kwa mzee Gama, pamoja na mbuzi. Asubuhi wakamtoa, wakamwita Osmunda."

Maneno hayo yalitakiwa kusemwa kwa pua juu, kwa ile sauti aliyoitumia kaburini, na watu walikwisha kuvuta pumzi za kuchekea. Lakini Desderia alipofika kwenye jina la Ajaula sauti yake ilikatika. Alimpenda yule mzee, kwa matusi, miaka yote ya ujane wake, na sasa alimpiga kofi hakujibu. Akaendelea mpaka mwisho kwa sauti ya mtu anayesongwa, jogoo ananing'inia mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Hakuna aliyecheka. Mjane wa marehemu, Wilbroda, alipiga ukemi mmoja mrefu, wanawake wakaupokea, na msiba wote ukalia. Juu ya mti mwanga wa Sikio ukageuka kutoka mweupe kuwa wa manjano. Nani anatazama taa wakati mtu wake anafukiwa? Padri akafungua kitabu, na udongo ukaanza kushuka.

*

Aliyepata habari kwanza alikuwa Wilbroda, na aliyempa ni bomba.

Alikwenda kuteka maji asubuhi akiwa bado amejifunga kaniki ya eda. Akaweka kiganja kwenye kioo cha bomba la kijiji kama alivyoweka kila siku. Bomba halikutoa maji. Akadhani mkono una uchafu, akaupangusa kwenye kanga, akaweka tena. Sauti ya kike, ya upole, ikamwambia: "Mgeni, tafadhali onana na Idara ya Mizizi." Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakanyamaza. Mmoja, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamtekea ndoo kwa kiganja chake mwenyewe, lakini aliangalia pembeni wakati anamtwisha, na Wilbroda aliona.

Siku iliyofuata mizani ya chama cha ushirika ilikataa kahawa ya Hilmar. Kisha lango la shule halikumfungukia binti yake Leokadia, akabaki nje na begi lake, wenzake wanamwangalia kupitia nondo. Ndipo likaja gari la Idara, jeupe, na ndani yake ofisa mmoja, mwanamke kijana mwenye suti ya kijivu na viatu visivyofaa kwa matope ya Lihongola.

Aliitwa Kolumba Tawete. Alikuwa Mngoni pia, wa upande wa Namtumbo, na alimsalimia Wilbroda kwa kupiga goti. Watu waliona jambo hilo wakapata tumaini, masikini.

Walikaa uani, chini ya paa la jiko. Wilbroda alikuwa kwenye mkeka, Hilmar amesimama, na Desderia, aliyeitwa kutoka kwenye cherehani yake, ameketi juu ya kinu kilicholazwa na nyuzi bado ziko begani.

"Mama, poleni na msiba," Kolumba alisema. "Nimekuja kueleza, maana ni haki yenu. Sheria inataka mtu aitwaye raia wa asili awe na mizizi ndani ya Jamhuri pande zote mbili, vizazi vitatu kwenda juu. Baba aliyetutoka, mama yake ameonekana alitoka ng'ambo. Kwa hiyo yeye hakuwa wa asili, na watoto wake si wa asili, na wajukuu pia. Na wewe mama, kwa ndoa, unafuata kundi la mume."

"Ameonekana na nani?" aliuliza Hilmar. "Bibi Osmunda alikuwa binti Gama. Kijiji kizima kinajua."

"Ameonekana na Sikio. Huyu mama alisema." Hakumnyooshea Desderia kidole, alimwelekezea kidevu tu, kwa adabu.

Desderia akacheka kwa mshangao. "Mimi? Mwanangu, mimi ni mtani! Siku hiyohiyo kaburini nilisema nafasi imejaa. Mbona hamkuandika kwamba Otmari hakuzikwa?"

"Tuliandika kwamba ni utani, mama. Watu walicheka."

Kolumba akaeleza basi, na alieleza vizuri, kama mtu aliyeshaeleza katika nyua nyingi. Jamhuri ilianza na vyeti. Vyeti vikaghushiwa. Ikaja na damu, lakini damu ilipopimwa mara ya kwanza nusu ya wakubwa walionekana wana wajomba nje ya mipaka, na damu ikaachwa kimyakimya. Ndipo wataalamu wakasema, watu wetu hawakuandika mizizi yao, waliisema, na waliisema msibani, mbele ya maiti, ambapo mtu huogopa kusema uongo. Wakatengeneza Sikio. Nao hawakuwa wajinga. Walijua nchi ina watani. Walilifundisha kwa misiba ya kila pembe, likajifunza kwamba maneno yakifuatwa na kicheko kabla ya pumzi ya pili, ni mzaha, hayana uzito. Na si kicheko chochote. Sikio husikiliza koo, pumzi na mapigo ya mishipa ya shingo, na mtu akijichekesha linajua.

"Na yakifuatwa na kilio?" Wilbroda aliuliza polepole.

"Yakifuatwa na kilio ni ushahidi, mama. Shahidi mmoja hatoshi, ni kweli. Lakini msiba wote ulilia na hakuna aliyepinga."

Hilmar alimgeukia Desderia. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema. "Mama Mtani, umetuua."

 Desderia akaanza kuchomoa nyuzi begani, mojamoja.

"Nitakana," akasema mwishowe. "Nipelekeni popote, niseme nilidanganya."

"Kukana hakupokelewi. Watu hukana kwa woga, au kwa kuhurumia ndugu." Kolumba aliinamisha macho kwenye viatu vyake vilivyojaa tope. "Kuna njia moja. Siku ya arobaini Sikio litaletwa tena. Msemaji atasema maneno yaleyale, mbele ya watu walewale. Wakicheka, kicheko cha kweli, jambo linafutwa. Maneno yale yatahesabiwa mzaha tangu mwanzo, na lolote atakaloongeza msemaji juu ya jambo hilo litahesabiwa mzaha daima."

"Na wasipocheka?"

"Gari litakuja."

Hakusema gari linakwenda wapi na hakuulizwa. Liliwapeleka watu Ruvuma na kuwashusha majini. Lakini ng'ambo nako walikuwa na Sikio lao na sheria yao, nao hawakupokea mtu asiyekuwa na mashahidi upande wao. Walioshushwa walikaa kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, wanapika kwa kuni za mafuriko. Kiangazi iliwezekana kuishi pale. Arobaini ya Otmari iliangukia mwanzoni mwa masika.

Kabla ya kuondoka Kolumba alining'iniza Sikio moja kwenye boriti ya jiko la Wilbroda na jingine kwenye baraza ya Desderia, juu ya cherehani. Ni utaratibu, alisema, shauri likifunguliwa. Akapiga goti tena kuaga.

*

Sasa, jambo ambalo Desderia hakulisema uani, na ambalo hakuweza tena kulisema popote, ni kwamba lilikuwa kweli.

Otmari alimwambia mwenyewe, mwaka aliougua. Alikuja barazani na koti lake la bluu la kijeshi apachikiwe kiraka, akakaa kwenye benchi akimsubiri na kuitukana cherehani yake. Halafu akaacha kutukana. Akasema mama yake hakuwa binti Gama. Alivuka mto mgongoni mwa mtu asiyemjua, wakati wa vita vya ng'ambo, mabomu yanaanguka kijijini kwao. Yule mtu akamwacha usiku kwenye zizi la kwanza aliloliona upande huu na kurudi kuwachukua wengine, na hakuonekana tena. Mtoto alilala katikati ya mbuzi kwa sababu walikuwa na joto. Asubuhi mzee Gama alikuja kuwahesabu mbuzi wake na kukuta mmoja zaidi. Hakuuliza kitu. Alimchukua, mkewe akamwogesha, masista wakambatiza Osmunda, na kijiji kikakubaliana bila kikao kwamba huyu ni binti Gama. Siku zile watu waliweza kufanya hivyo.

"Aliniambia jina lake anakufa," Otmari alisema. "Ajaula. Alikuwa amelificha maisha yake yote. Alilia, mzee mzima, akaniambia hata baba yako hakulijua. Na mimi sijamwambia Wilbroda wala watoto. Sheria hii imekuja, nitamwambia nani? Nitakwenda nalo, na likienda ndiyo basi, itakuwa kama hakuzaliwa."

"Unaniambia mimi kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ukisema, watu watadhani ni upuuzi wako." Alicheka, akakohoa. "Siku yangu ikifika, liseme pale kaburini. Lifiche katika utani. Nataka wajukuu zangu walisikie jina lake. Nataka walitaje hata mara moja. Mtani, niahidi."

Akaahidi. Akamwambia pia kwamba Wangoni wote ni wageni tu walioishiwa pumzi njiani, na koti lake linanuka. Otmari akafurahi, akalivaa, akaenda zake.

Ulikuwa mpango mzuri. Ungefaulu kabisa kama Desderia asingempenda.

Sasa alikaa chini ya mwanga mweupe wa Sikio, anakanyaga cherehani bila kitambaa. Akilisema jina lile tena na watu wasicheke, Wilbroda na watoto na wajukuu wataoza mchangani. Akilisema na wakacheka, jina linakufa, tena linauawa na yeye aliyekabidhiwa. Litakuwa mzaha kwa amri ya Jamhuri, leo na hata milele, na kinywa pekee kinacholijua kitakuwa kimefungwa kwa kicheko. Marehemu alimwomba kitu kimoja tu. Lakini marehemu ameshakufa na Leokadia yuko nje ya lango la shule. Ukiliweka hivyo halikuwa swali gumu, na Desderia aliumia zaidi kwa kuwa halikuwa gumu.

Wilbroda akaja na lile koti la bluu limekunjwa vizuri kwapani. Aliliweka juu ya cherehani. Alikuwa amekonda, na midomo yake ilikuwa imekauka, kwa sababu maji ya kuombaomba mtu huyanywa kwa aibu.

"Utalivaa hili," alisema. "Na mabuti yake nimeyaacha mlangoni. Uigize ile ya kumjibu mtangazaji wa redio."

"Wilbroda..."

"Sina hasira na wewe. Hilmar ana hasira, lakini Hilmar ni kijana." Akaketi kwenye benchi, palepale alipokaa mumewe. "Niambie kitu kimoja tu. Lile jina ulilitoa wapi? Zizi la mbuzi naelewa, ni upuuzi wako. Lakini lile jina, sijawahi kulisikia."

Desderia akainua macho. Sikio lilikuwa pale, mwanga mweupe, halipepesi. Angetoa mkono wake wa kulia kwa dakika moja ya kuongea na huyu mwanamke mahali pasipo na kitu juu ya boriti.

"Kichwani mwangu," akasema. "Mimi huokota majina kama kuku anavyookota punje."

Wilbroda akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kuomba maji.

*

Siku ya arobaini mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Walichinjwa mbuzi wawili, kwa sababu mila ni mila hata kwa watu wanaongojewa na gari, na gari lenyewe lilikuwa limekwisha kuegeshwa chini ya mikaratusi, injini imezimwa. Kolumba Tawete alisimika mti kaburini na kuning'iniza Sikio. Likawaka manjano.

Msiba wote ulikuja, wapwa, katekista, wanawake wa bomba. Walisimama mahali waliposimama siku ile, wengine wakibishana kwa minong'ono nani alikuwa kushoto kwa nani. Walikuwa wamejipanga kucheka, na nyuso zao zilitisha. Ukitaka kuua kicheko cha mtu, mwambie acheke la sivyo mwenzake atakufa.

Desderia alitokea nyuma ya nyumba na koti la Otmari lililomfika magotini, mabuti ya Otmari, na kofia yake imeangukia sikio moja. Akatembea mwendo wake ule wa mtu anayekagua gwaride. Akafika kaburini, akatoa karanga kwenye mfuko wa koti, kwa kuwa Otmari alikuwa na karanga kila mfuko mpaka kanisani, akazitafuna na kutema maganda juu ya kaburi lake mwenyewe.

"Saa hizi ni taarifa ya habari," alisema kwa pua, sauti ya mtangazaji. Kisha kwa sauti nzito ya Otmari, mkono sikioni: "Ee bwana, nakusikia! Na wewe habari za huko? Watoto hawajambo?"

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. Desderia akaongeza. Alimwigiza Otmari anashindwa bao na kusingizia macho. Alimwigiza amelala misani, anakoroma, anaamka na kusema "Amina" katikati ya tangazo la mchango wa paa. Wanawake wakaanza kushikana mabega. Hilmar mwenyewe, aliyekuwa amekaza taya tangu alfajiri, alitoa sauti puani. Hiyo ilikuwa kweli, Otmari alikuwa hivyohivyo, na kwa muda mfupi alikuwa amerudi na watu walifurahi kumwona.

Desderia akaona wakati umefika. Akalipiga kaburi teke kwa buti.

"Mngoni gani huyu? Hebu niambieni!"

Kicheko kikafa. Kiliondoka usoni mwao chote mara moja. Walilijua neno linalofuata, kila mmoja alikuwa amelisoma kichwani siku zote zile, na wote walitazama juu ya mti. Mtu mmoja akajichekesha, ha, ha, ha, na Sikio likatoa mlio mdogo wa kukataa. Mkewe akamfinya akanyamaza. Leokadia alikuwa ameshika kanga ya bibi yake kwa mikono yote miwili.

Desderia aliwatazama akajua kwamba maneno peke yake hayatawachekesha hata yasemwe kwa pua ya namna gani. Palihitajika kitu kingine, na kitu hicho alikuwa nacho. Alikuwa amekiona tangu siku ile kwenye cherehani na amekikataa kila siku. Nisamehe, mtani, alisema moyoni, na hakujua kama anamwambia Otmari au mama yake.

"Mama yake alivuka Ruvuma angali mtoto," alisema, "akiitwa Ajaula. Akalala zizini kwa mzee Gama, pamoja na mbuzi."

Na akaanguka chini kwa mikono na magoti. Koti la kijeshi likaburuzika matopeni. Akajisukuma katikati ya miguu ya wapwa kama anayetafuta nafasi zizini, akawapiga vikumbo kwa matako, akapepesa macho, akainua shingo.

"Asubuhi wakamtoa." Akawa mzee Gama anayehesabu, kidole hewani, uso wa mtu mwenye mali. "Ndama... hapana... jike... beberu..." Kidole kikafika kwa mtoto. Mzee akashangaa, akakuna kichwa, akainama kumchungulia. "Na wewe? Ajaula!"

"Meee," akaitika Desderia, kwa sauti nyembamba, ya woga, yenye adabu.

Hapo wakalipuka. Katekista ndiye aliyeanza, kwa mlio aliokuwa ameuzuia tangu lile igizo la misani, na baada yake hakuna aliyeweza kusimama wima. Wapwa walianguka mmoja juu ya mwingine. Hilmar alikaa chini kwenye udongo, mikono tumboni, anapiga kelele, "Aibu! Aibu, Mama Mtani!" Leokadia alicheka kile kicheko cha watoto kinachokaribia kwikwi. Kolumba Tawete aligeuza mgongo, mabega ya suti ya kijivu yanatikisika.

"Wakamwita Osmunda!" Desderia alimalizia, na hakuna aliyemsikia kwa kicheko.

Wilbroda alicheka kuliko wote. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga, amepinda mgongo, anatikisika. Kisha, Desderia akiwa bado yuko chini kwa magoti, alimwona anaacha. Kanga ilishuka. Wilbroda alikuwa anatazama ng'ambo ya kaburi, kwenye ngozi mbili za mbuzi zilizowambwa uani, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi.

Bibi Osmunda, mama mkwe wake, hakula mbuzi hata siku moja. Mbuzi akilia usiku aliondoka kitandani, akakaa jikoni na taa mpaka kuche. Watu walisema ni mwiko wa kwao.

Lakini Sikio lilikuwa limekwisha kupata lilichotaka. Mwanga wa manjano uligeuka mweupe, na chini ya mikaratusi gari likawashwa, likageuza, likaenda na nafasi zake tupu.

*

Kichwa cha mbuzi ni haki ya mtani. Kesho yake mchana Wilbroda alimletea mwenyewe kwenye sinia, amekifunika kwa jani la mgomba, mpaka kwenye baraza yake. Alikuwa amekwisha kupita bombani. Kanga yake ilikuwa imelowa begani na alikuwa amekunywa, midomo ilionyesha.

Aliweka sinia juu ya cherehani. Hakuna aliyelifunua jani.

Kolumba alikuwa ameliondoa Sikio la jikoni kwa Wilbroda. Hili la barazani lingebaki, alisema, mpaka shauri liandikwe mwisho, na kabla ya hapo neno lisilofuatwa na kicheko lingeweza kulifungua upya.

"Mama mkwe hakuwa anakula mbuzi," Wilbroda alisema.

"Wengi hawali."

"Mbuzi akilia alikuwa anatetemeka. Mimi nilikuwa namcheka, Desderia. Nikiwa bibi harusi mchanga, nilikuwa namcheka." Alishika ukingo wa cherehani. Alijilazimisha kusema polepole, kila neno peke yake. "Lile jina. Nililisikia vibaya kwa kelele za watu. Nikumbushe, walimwita nani?"

Desderia alimtazama huyu mwanamke, jirani yake, mtani wake, aliyekuja kuchukua kile kitu ambacho Otmari alikuwa amekiweka kwake. Juu ya vichwa vyao mwanga ulikuwa mweupe. Akisema kwa sauti yake mwenyewe, bila pua, bila kicheko cha kufuata, gari litarudi.

"Mtani," alisema, "nilikuwa natania."

 Wilbroda akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepewa pole. Akafunua jani, akakata kipande cha sikio la mbuzi, akakitia mdomoni na kukitafuna machozi yakimtoka, akamkatia Desderia kipande chake. Wakala.

Barabarani watoto walikuwa wanatoka shule, Leokadia katikati yao, begi mgongoni. Walikuwa wamebuni mchezo mpya. Mmoja alikuwa mzee Gama, wengine wote walitambaa kwa mikono na magoti kwenye tope lililoanza kukauka, na mzee alipita akiwanyooshea kidole mmojammoja.

"Ajaula!" aliita Leokadia, mjukuu wa Otmari, kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

"Meee!" wakaitika wote, wakaanguka kwa kucheka, na juu ya cherehani Sikio likasikia, likapima kicheko, likakikuta ni cha kweli.